Oski ya kwanza chuoni kwenu: kutoka chumba kitupu hadi karatasi za alama

Kila mwisho wa muhula ukikaribia, simu yangu huanza kuita. Anayepiga ni mkufunzi mpya. Amekabidhiwa funguo za chumba cha mazoezi na barua ya kuratibu mtihani wa vitendo, na swali lake ni lilelile la mwaka jana: "Dada, tuna manikini mbili na wanafunzi arobaini, tunaanzia wapi?" Wa pili anataka kujua anunue manikini (mwili wa bandia wa kufanyia mazoezi) gani. Wa tatu anauliza kengele igongwe kila baada ya dakika ngapi. Nimejibu kwa simu hadi sauti imekauka, kwa hiyo leo naandika, atakayeuliza tena nimpe hii asome.

Nakuandikia wewe uliye kwenye chuo cha kawaida cha uuguzi na ukunga hapa Tanzania: chumba kimoja kikubwa, vitanda vitatu, umeme unaokatika bila taarifa, wanafunzi 40 wa astashahada au stashahada. Kama chuo chako kina manikini zinazopumua kwa kompyuta, hongera, ila utapita njia hiihii.

Oski (kwenye ratiba inaandikwa OSCE) ni mtihani wa vitendo ambao mwanafunzi huzunguka kituo hadi kituo, kila kituo kina kazi moja, muda mmoja na karatasi moja ya alama. Ulibuniwa Dundee, Scotland, na Ronald Harden na wenzake, wakauandikia mwaka 1975. Kabla ya hapo mwanafunzi alitahiniwa kitandani kwa mgonjwa atakayemwangukia: mwenzako anapata mzee mpole mwenye kidonda kidogo, wewe unapata mgonjwa aliyekasirika na mtahini aliyekasirika zaidi. Manikini zenyewe ni za zamani kuliko mtihani. Ile ya kwanza ya kufundishia wauguzi ilipelekwa hospitali ya Hartford, Marekani, mwaka 1911, na ikaitwa Mrs. Chase. Historia inatosha.

Jambo la kushika kabla hujaomba hata shilingi: usianze na manikini. Anza na karatasi ya mtahini. Karatasi ndiyo itakuambia ununue nini, umwite nani na upange meza wapi. Wengi tunafanya kinyume, tunanunua kwanza, halafu tunatunga mtihani wa kuhalalisha tulichonunua.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Mtaala na vitabu vya rekodi ya vitendo vya wanafunzi, uone walichofundishwa na walichofanya kweli.
- Chumba chenye milango miwili. Kama una mmoja, tafuta vyumba viwili vinavyofuatana.
- Sinki lenye maji yanayotoka. Hayatoki? Ndoo yenye koki, sabuni, na beseni chini yake.
- Skrini au mapazia ya kutenga vituo. Mashuka na kamba vinafanya kazi.
- Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde katika kila kituo cha kuhesabu mapigo au pumzi. Simu za wanafunzi haziingii, kwa hiyo bila saa hiyo hawana pa kuhesabia.
- Kengele ya mkono au filimbi. Ya umeme usiitegemee.
- Maboksi ya kutupia sindano, ndoo za taka za rangi tatu kama za wodini, na mtu wa kuzisimamia.
- Vitumikavyo vilivyohesabiwa. Vituo vinne vya glavu kwa wanafunzi 40 ni jozi 160. Ongeza robo kwa zinazochanika, zinakuwa 200. Boksi la glavu 100 ni jozi 50 tu, watu husahau hapo. Unahitaji maboksi manne.

Hatua ya 1: Chagua stadi, nane tu

Chora jedwali. Upande mmoja andika masomo (uuguzi wa awali, magonjwa ya watu wazima, ukunga, watoto, afya ya jamii), upande wa pili aina ya kazi: kupima, kutibu kwa mikono, kuzungumza na mgonjwa, kukokotoa na kuandika. Kila kituo kikae kwenye kisanduku chake. Bila jedwali utashangaa una vituo vitano vya sindano na hakuna hata kimoja cha kuzungumza na mtu.

Kwa mzunguko wa vituo vinane, mimi hupanga hivi: presha na viashiria vingine vya uhai, sindano ya msuli, kusafisha kidonda, kuweka katheta ya mkojo, kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kumshauri mgonjwa kuhusu dawa, meza ya partografu (chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua) na kukokotoa dozi, na kituo cha mapumziko. Sita vina mtahini. Cha meza hakihitaji mtahini, anakaa msimamizi wa kukusanya karatasi. Cha mapumziko kina kiti na maji ya kunywa. Usikifute kwa kisingizio cha kubana muda. Kitakuokoa, utaona mbele.

Onyo: stadi ambayo wanafunzi hawajaifanyia mazoezi chumbani humo isiingie kwenye mtihani. Na mazoezi si siku moja. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua yaliwapandisha wahudumu alama kwenye manikini, lakini utendaji wao chumba cha kujifungulia haukubadilika. Mabadiliko yalionekana mazoezi mafupi ya mara kwa mara yalipoanzishwa palepale kazini. Kwa hiyo fungua chumba jioni, hata dakika 40 mara mbili kwa wiki, wanafunzi wafanye wawili wawili, mmoja ameshika karatasi ya alama akimkagua mwenzake.

Ndiyo, karatasi ileile ya alama. Hapa huwa nabishana na wenzangu wanaozificha kama nyaraka za siri. Mwanafunzi akijua orodha yote ya kusafisha kidonda kwa moyo, tatizo liko wapi? Siri ni vituo gani vinane vitatokea, na kisa gani kitakuwa mlangoni.

Hatua ya 2: Andika orodha hakiki

Orodha hakiki ndiyo hiyo karatasi ya alama ya mtahini. Hapa ndipo mtihani unapojengwa au kubomoka, kwa hiyo usiharakishe. Kila kipengele kiwe kitu ambacho mtahini anakiona kwa macho au kukisikia kwa masikio. "Anazingatia usafi" si kipengele. Watahini wawili watakipa alama mbili tofauti na wote watajitetea. "Anatakasa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa" ni kipengele: ametakasa au hajatakasa.

Vipengele 10 hadi 15 vinatosha. Niliwahi kupewa orodha ya vipengele 34 kwa kituo cha dakika nane. Mtahini alikuwa ameinamia karatasi muda wote, mwanafunzi akachafua glavu safi mbele yake na hakumwona.

Huu ni mfano wa kituo cha mtoto mchanga. Kila kipengele kina 0, 1 au 2, jumla 20. Nyota ni hatua ambayo ikikosekana mtoto angekufa:

1. Anamkausha mtoto mwili mzima na kuondoa kitambaa kibichi.
2. Anaangalia kama mtoto analia au anapumua, na anasema alichokiona.
3. Anaweka kichwa sawa. Anasafisha mdomo, kisha pua, kwa pengwini (kipira cha kunyonya ute) endapo tu kuna ute unaoziba.
4. Anamsugua mgongo kumchochea apumue.
5. Anafunga na kukata kitovu, anamhamishia mtoto mahali pa kupumulishia.
6. ★ Anaanza kupumulisha kwa ambu (mfuko wa kubonyeza wenye barakoa) ndani ya dakika moja tangu mtoto azaliwe.
7. ★ Barakoa inafunika mdomo na pua bila kugusa macho, na kifua kinainuka.
8. Anapumulisha kwa kasi inayokaribia pumzi 40 kwa dakika.
9. Kifua kisipoinuka anarekebisha: anaweka barakoa upya, anaweka kichwa upya, anaangalia mdomo, anabonyeza kwa nguvu zaidi.
10. Anamweleza mama kinachoendelea, kwa maneno ambayo mama anayaelewa.

Ona kipengele cha 7. Hakisemi "anashika ambu vizuri". Kinasema kifua kinainuka. Mwanafunzi anaweza kuishika ambu kwa mtindo wa kupendeza na hewa yote ikapotelea pembeni ya shavu.

Nyota zisizidi mbili au tatu kwa kituo. Ukiweka nyota kila mahali, darasa zima litafeli kwa kosa la kusahau kufunga pazia.

Neno kuhusu salamu. Watahini wetu waliwahi kubishana karibu nusu saa: binti wa miaka 20 amemwambia mzee wa makamo "habari yako" badala ya "shikamoo". Akatwe alama? Mmoja anasema huo ni utovu wa adabu, mwingine anasema mtaala hauna shikamoo. Dawa yake ni moja, amueni kabla. Sisi sasa tunaandika wazi: "Anamsalimu mgonjwa kwa salamu inayolingana na umri wake, anajitaja jina, anaeleza anachokuja kufanya na kuomba ridhaa." Ubishi umekwisha.

Hatua ya 3: Karatasi tatu nyingine

Kila kituo kiwe na karatasi ya mlangoni kwa mwanafunzi, maelezo ya mtahini, na maelezo ya mgonjwa mwigizaji kama yupo. Ya mlangoni iwe fupi: mgonjwa ni nani, umefika wapi, fanya nini, una dakika ngapi. "Mama amejifungua sasa hivi. Mtoto halii. Msaidie mtoto. Una dakika 8." Basi. Mpe mwenzako ambaye si mkufunzi wa somo hilo aisome. Akiuliza "kwa hiyo natakiwa nifanye nini?", iandike upya.

Ya mtahini iseme pia kile anachoruhusiwa kutamka. Kwa kituo hiki: "Mwanafunzi akisema anapima mapigo ya kitovu, mjibu: ni zaidi ya 100." Hana ruhusa ya neno lingine.

Hatua ya 4: Tafuta au tengeneza vielelezo

Sasa ndipo unaposoma karatasi zako na kuorodhesha vifaa. Utashangaa vingi vinatengenezeka.

Kwa mtoto mchanga, ile manikini ya mpira inayojazwa maji ya uvuguvugu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: ina uzito wa mtoto kweli, kifua kinainuka hewa ikiingia vizuri, na kwa kubonyeza vipira vyake unaweza kumfanya alie au kitovu kipige. Uliza hospitali ya mkoa wako kabla ya kununua. Wengi wanazo kabatini tangu mafunzo ya kusaidia watoto kupumua yalipoenea nchini. Hayo ndiyo mafunzo ambayo matokeo yake katika hospitali nane za Tanzania, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikishuka kwa asilimia 47.

Kwa sindano ya msuli, sponji nene ya godoro iliyofunikwa kitambaa cha rangi ya ngozi, imefungwa kwenye paja au bega la manikini. Ukitaka kuifunga kwa mtu anayeigiza, weka kibao chini ya sponji. Bila kibao, usithubutu. Sindano ndefu inapita sponji kama inavyopita siagi. Chungwa linafaa kwa mazoezi ya kwanza ya kushika bomba, halifai kwa mtihani, maana halina nyonga wala bega la kupima mahali pa kuchoma.

Kwa dripu, kata mpira wa dripu uliotumika chumbani humo humo (si wa wodini), ujaze maji yenye rangi nyekundu ya chakula, uzibe ncha, uupitishe chini ya kitambaa kwenye mkono wa bandia. Mshipa huo. Tulijaribu juisi ya rozela kwa sababu rangi yake ni nzuri. Siku ya tatu sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye kiwiko. Tumia maji na rangi tu, na uyamwage jioni.

Kwa kushona, ngozi ya kuku kutoka buchani ni rahisi na inapatikana popote. Vitabu vingi vya nje vinasema ngozi ya nguruwe. Kwetu pwani na visiwani usijaribu, utamfukuza nusu ya darasa, na kuku anafanya kazi ileile.

Onyo ambalo nataka ulisome mara mbili: kila dawa, dripu na chupa ya mafunzo iandikwe kwa wino usiofutika KWA MAFUNZO TU, na isitoke chumbani. Mwaka 2014 nchini Marekani, dripu za chumvi zilizotengenezwa kwa mafunzo ziliingia kimakosa kwenye kliniki, wagonjwa wakawekewa, wakapata homa na kutetemeka. Kama huko kwenye kila aina ya stika ilitokea, kwetu ambako chuo na wodi vinatenganishwa na ukuta mmoja inaweza kutokea Jumatatu.

Hatua ya 5: Waandae wagonjwa waigizaji

Usitumie wanafunzi wa mwaka wa juu. Wanawasiliana na wadogo zao, na huruma inawashinda. Usitumie mhasibu wa chuo anayejulikana na kila mtu. Walimu wastaafu wanafaa sana, wana subira na wanakumbuka maneno. Wakina mama wa vikundi vya jirani pia. Kubalianeni posho, nauli na chakula kwa maandishi mapema.

Mfundishe kila mmoja kisa chake hadi akijibu vilevile kwa mwanafunzi wa kwanza na wa arobaini. Mpe majibu ya maswali matano ya uhakika, na mstari wa kutumia akiulizwa lisilomo: "Hilo sikumbuki, mwanangu." Mwambie pia asimsaidie mtu. Tulikuwa na mama mmoja mpole, akiona binti anahangaika anamnong'oneza, "Presha, mwanangu, hujanipima presha."

Hakuna sindano, katheta wala kanula (kimrija cha dripu kinachoingia mshipani) kwenye mwili wa mgonjwa mwigizaji. Wala kwa wanafunzi kuchomana wenyewe, hata wakijitolea.

Hatua ya 6: Hesabu muda

Dakika 8 za kazi, dakika 2 za kuhama na kupanga upya kituo: dakika 10 kwa kila kituo. Vituo 8 ni dakika 80 kwa kundi la watu 8. Wanafunzi 40 ni makundi 5, yaani dakika 400. Weka mapumziko matatu ya dakika 10 na saa ya chakula ya dakika 50, unapata dakika 480. Ukianza saa 2:00 asubuhi kamili, unamaliza saa 10:00 jioni. Inawezekana, lakini mtahini wa saa tisa alasiri si yule wa saa mbili.

Ukiwa na watahini 12 na vifaa mara mbili, endesha mistari miwili sambamba. Kila raundi inabeba 16, raundi tatu zinatosha, dakika 240 bila mapumziko. Mchana mmemaliza.

Mwanafunzi avae namba kifuani, aanzie kituo chenye namba yake. Kundi likipungua mtu, acha kituo chake kitupu. Ukianza kuwasogeza ili "kujaza", ndani ya dakika kumi hakuna atakayejua nani yuko wapi.

Hatua ya 7: Kaa na watahini

Siku moja kabla, si asubuhi ya mtihani. Mkufunzi mmoja afanye stadi mbele yao akiwa na makosa matatu ya makusudi, kila mtahini ajaze karatasi kimyakimya, kisha mlinganishe. Tofauti ikizidi alama tatu kati ya 20, tatizo liko kwenye karatasi au kwenye macho. Litafuteni hadi mlipate.

Sheria za mtahini: hafundishi, hatikisi kichwa, haguni, hasemi "una uhakika?". Hili la mwisho ndilo gumu kwetu sote, kwa sababu kazi yetu miaka yote ni kufundisha. Mweke mtahini pembeni, si mbele ya mwanafunzi, ili uso wake usisomeke. Na asitahini kituo kimoja na mwanafunzi ambaye ni ndugu yake.

Hatua ya 8: Fanya jaribio

Chukua wauguzi watatu au wanne wa hospitali jirani, wapitishe mzunguko mzima kwa kengele halisi. Muuguzi wa miaka kumi kazini asipomaliza kituo kwa dakika 8, mwanafunzi hatamaliza. Punguza kazi, usiongeze muda, maana ukiongeza dakika kwenye kimoja umeongeza kwenye vyote. Hapo pia ndipo utagundua kwamba boksi la sindano liko upande wa pili wa chumba na mtu anatembea na sindano tupu mkononi.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Wanaosubiri wawe chumba kimoja, simu kwenye boksi lenye majina. Waliomaliza watokee mlango wa pili na wasirudi. Wakati wa chakula makundi yasikutane. Wapishi waambiwe mapema, maana mpango mzuri umewahi kuvunjika kwenye foleni ya wali.

Mtunza vifaa mmoja kwa vituo viwili, akiwa na picha ya jinsi meza inavyotakiwa kuonekana. Kengele moja kuanza, moja zikibaki dakika 2, mbili kumaliza. Mratibu, yaani wewe, usitahini. Tembea.

Boksi la sindano lisijae zaidi ya robo tatu. Sindano ikimchoma mtu, hata kama iliingia kwenye sponji tu, utaratibu ni uleule wa wodini: aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, iandikwe, apelekwe kuonwa.

Hatua ya 10: Alama

Mbali na vipengele, mtahini aandike hukumu yake ya jumla chini ya karatasi: amefaulu, yuko mpakani, au hajafaulu. Baada ya mtihani, kusanya karatasi za "mpakani" za kituo hicho, tafuta wastani wa alama zao. Huo ndio mstari wa kufaulu kituo. Mfano, saba walikuwa mpakani wakiwa na 11, 12, 12, 13, 11, 14 na 11: jumla 84, wastani 12 kati ya 20. Kituo kigumu kinajishushia mstari chenyewe, kituo chepesi kinajipandishia. Kama walio mpakani ni wawili watatu tu, wastani huo hauna nguvu, usiuegemee. Na kama kanuni za mitihani zinazokuongoza zimeshaweka alama ya kufaulu, fuata kanuni, ila bado kusanya hizo hukumu, zitakuambia kituo kipi kilikuwa na kasoro.

Wape wanafunzi marejesho ndani ya wiki, kituo kwa kituo. "Umepata 58" haimfundishi mtu kushika barakoa.

Yakiharibika

*Umeme umekatika.* Kengele ya mkono, madirisha wazi, tochi za kuchaji kwenye vituo vya katheta na kidonda. Mtihani unaendelea.

*Mwanafunzi ameingia kituo kisicho chake.* Kama dakika ya kwanza haijapita, mrudishe. Ikipita, mwache amalize, umrudishe kile alichoruka wakati wa zamu yake ya mapumziko. Ndiyo maana nilikuambia usifute kile kituo cha mapumziko.

*Mwanafunzi analia au ameganda.* Mtahini aseme sentensi moja tu iliyokubaliwa: "Vuta pumzi, ukiwa tayari endelea." Muda hausimami. Akishindwa kabisa, msimamizi amtoe kwa upole akae kituo cha mapumziko.

*Manikini inavuja au barakoa imepasuka.* Uwe na ya akiba. Kama hakuna, funga kituo, wote waliokipita na wasiokipita kisihesabiwe. Inauma, lakini kuwapa nusu ya darasa kifaa kibovu ni kuwaonea.

*Karibu wote wamefeli kituo kimoja.* Kabla ya kuwalaumu, soma karatasi ya mlangoni, kisha muulize aliyefundisha. Mwaka mmoja kituo chetu cha presha kilifelisha watu wengi, kumbe kitambaa cha mashine kilikuwa cha mtoto na mikono ilikuwa ya watu wazima.

*Maswali yamevuja.* Kuwa na visa viwili vya akiba kwa kila kituo vinavyotumia vifaa vilevile. Unabadilisha karatasi ya mlangoni na maelezo ya mwigizaji, orodha hakiki inabaki.

*Mgonjwa mwigizaji amekutwa na ugonjwa kweli.* Hili halimo kwenye miongozo mingi. Tulikuwa na mzee mmoja wa kituo cha presha. Wanafunzi watatu mfululizo wakaandika 170 juu ya 100 na mtahini akadhani wamekosea. Wa nne alipoandika vilevile nikapima mwenyewe. Mzee hakuwa anajua ana presha. Tangu hapo waigizaji wote wanapimwa asubuhi kabla ya kuanza, na mwigizaji wa akiba anakaa nje akinywa chai.

*Sindano hazilingani.* Jioni, kabla watu hawajaondoka, hesabu sindano zilizotolewa, zilizobaki na zilizotumika. Ikikosekana hata moja, funga mlango, tafuteni kwenye mashuka na ndani ya sponji. Ndipo muoshe nyuso za manikini kwa sabuni, mzipanguse kwa spiriti, mmwage maji ya mtoto na kumning'iniza kichwa chini akauke. Ukimweka kabatini na maji tumboni, muhula ujao atatoka na ukungu.